Mkanda wa Pua wa Waziri

Jumamosi, 2 Agosti 2025

Leo Waziri ametoroka na Matron mgongoni. Kutoka geti hadi ndani ya chai ya jirani, Matron akivuta kamba kwa mikono yote miwili na farasi hasikii. Hakuanguka. Waziri alisimama mwenyewe alipofika mahali michai imeshikana, hakuna pa kupita. Nilipowafikia sikuwa na pumzi. Matron alishuka polepole, akanipa kamba, akarudi nyumbani kwa miguu.

Jioni akaniita veranda. Akasema yeye hampandi tena, na hakuna mgeni wake atakayempanda. Kuna mtu wa Mulot, Kiplangat, anatafuta farasi wa kuvuta mkokoteni wa maji. Atampigia simu. Nikamwomba anipe muda kidogo nijaribu kumrekebisha. Matron alikuwa matron kweli, hospitalini, kabla ya kustaafu na kufungua hii nyumba ya wageni, na bado ana ile sura ya wodi — huwezi kujua kama amekubali au anakusikiliza tu. Mwishowe akasema sawa, hadi wageni wa likizo waishe.

Shida najua iko wapi. Ni mdomo. Ukivuta kamba asimame, anaachama kama mtu anayepiga miayo, taya la chini linaenda upande, na lijamu — kile chuma cha mdomoni — kinateleza. Hapo umeshikilia kamba tu. Mkanda wake wa pua, ule aliokuja nao kutoka mbio za Nairobi, umelegea na kuchakaa. Umekaa pale kama urembo.

Mvua imeanza. Nimekula, nimeoga, miguu iko ndani ya blanketi. Hata siku kama hii naipenda hii kazi.

Jumatatu, 4 Agosti

Obure ana mkanda. Obure ndiye tunayesaidiana naye kuwatunza farasi watatu wa Matron, na huo mkanda alikuja nao kutoka kazi yake ya zamani kule Naivasha, akauweka tu. Ni ule wa chini, unaopita chini ya lijamu na kufungwa kwenye kidevu. Anasema dawa ni kumfunga mdomo. Asipoweza kuufungua, atakimbia vipi?

Nimeona ana maneno ya maana. Kesho.

Jumanne, 5 Agosti

Nimeanguka. Bega la kushoto. Matron amenipeleka hospitali ya Longisa kwa gari lake. Sijavunjika. Nitaandika kesho.

Jumatano, 6 Agosti

Ilikuwa hivi. Obure alimfunga Waziri ule mkanda hadi tundu la mwisho. Haukukaa kwenye mfupa, ulishuka kwenye ile nyama laini juu ya matundu ya pua. Mimi niliona, nikadhani utajipanga wenyewe tukianza kutembea. Tulifika kwa kona ya tangi la maji. Nikavuta kidogo tu. Akajaribu kufungua mdomo, akashindwa. Akajaribu kuvuta pumzi, nayo ikakwama. Akasimama kwa miguu ya nyuma kama mtu. Nikateleza kutoka mgongoni.

Nikiwa pale chini kwa matope nilimwona Obure akija mbio. Hakuja kwangu kwanza. Alienda kwa farasi, akaufungua ule mkanda, ndipo akanigeukia. Baadaye aliniomba msamaha kwa hilo. Nilimwambia hata mimi ningefanya vile vile.

Njiani kurudi Matron hakunigombeza. Aliendesha polepole sana kwenye mashimo. Tulipofika aliniletea uji yeye mwenyewe, akakaa kitandani pangu hadi nikaumaliza. Kuhusu Mulot sikuuliza.

Ijumaa, 8 Agosti

Maxine alikuja kuona ng'ombe wa Matron. Ni daktari wa mifugo, msichana wa kwetu, wazazi wake wanatoka karibu na kwetu kule ziwani, ingawa alizaliwa huku kwenye kambi ya chai kama mimi. Nikamwomba amtazame Waziri kinywani kabla hajaondoka. Alimdunga sindano ya usingizi, akasubiri kichwa kiiname, akaingiza mkono.

Akaniambia nami niingize kidole. Upande wa kushoto, juu, mbele kabisa ya magego. Kuna kijino kidogo kama mbegu ya mahindi, chenye ncha, na nyama yake imevimba. Hapo hapo lijamu linapogonga.

Maxine alisema, "Huyu amekuwa akiwaambia. Nyinyi mkamfunga mdomo."

Obure aliangalia viatu vyake. Mimi pia.

Amekitoa. Waziri hatawekwa chuma mdomoni hadi pale papone kabisa. Lakini Maxine ametuonya kwamba jino limetoka, tabia haijatoka. Amejifunza kuachama na kupeleka taya kando, na atajaribu tena hata kama hasikii maumivu. Kwa hivyo mkanda mzuri bado tutauhitaji, ila usiwe wa kumnyonga. Uwe ni wa kumkumbusha. Akasema kwa farasi wa kupindisha taya angechagua ule wa msalaba: mikanda miwili inayokutana juu ya pua, mmoja unapita juu ya lijamu, mwingine chini yake. Vidole viwili vipite kati ya ngozi na mfupa, na pua ibaki huru.

Sina mkanda kama huo. Huku Konoin nzima sijui nani anao.

Jumatano, 13 Agosti

Bega linaenda vizuri. Nimefika Mogogosiek leo, soko likiwa limejaa. Kuagiza Nairobi kungechukua muda, na hiyo mikanda hushonwa kwa vichwa vidogo — Waziri ana kichwa kama sanduku. Nikaenda kwa Okemwa. Anashona mabegi ya shule, viatu, mishipi, na zile aproni nzito za wachuna chai. Nilimchorea juu ya kipande cha katoni.

Aliuliza maswali mengi kuliko nilivyotarajia. Unapita wapi. Unavutwa na nani. Jasho je, na mvua. Mwishowe akasema, "Madam, mimi siwezi kushonea uso ambao sijauona."

Atakuja Jumapili. Jumamosi ni siku yake ya kanisa.

Jumapili, 17 Agosti

Amekuja. Shati jeupe, limepigwa pasi, kuja kupima farasi! Nilicheka moyoni tu.

Anaogopa farasi. Hakuficha. Alisimama kwa mlango wa banda akiwa ameshika tepu ya fundi cherehani, akauliza kama Waziri huuma. Nikamwambia huuma karoti. Alicheka, akaingia. Waziri alinusa kofia yake, akanusa mfuko, akapumua kwa nguvu shingoni mwake, na Okemwa akafumba macho, akakaa pale pale hadi farasi akamaliza kumchunguza. Kisha akapima. Chini ya mfupa wa shavu, kuzunguka pua, kutoka pembe ya mdomo hadi kidevu. Alipima kila mahali mara ya pili. Alipapasa na ile alama ya manyoya meupe juu ya pua, akaniuliza ni ya nini. Sikuwa nimeifikiria kamwe. Tukaitazama pamoja. Ni kovu la mkanda wa mtu fulani, zamani, uliokazwa sana.

Nilimpa chai. Alikaa kwenye stuli ya jikoni kwangu. Tangu mume wangu Gordon afariki, mwanamume aliyekaa hapo ni Obure tu, naye ni kama ndugu. Okemwa pia alifiwa na mkewe, wakati wa corona. Hatukuongea juu ya hayo sana. Tuliongea juu ya ngozi: ipi hunyooka, ipi hukatika, kwa nini ya ng'ombe mzee ni bora kwa mishipi. Alikunywa vikombe vitatu. Aliondoka mvua ilipokaribia, sio kabla.

Alhamisi, 21 Agosti

Mkanda wa kwanza. Haufai. Ngozi ngumu, na pale mikanda inapokutana pamekaa chini mno, karibu na pua. Waziri alitikisa kichwa bila kukoma hata bila lijamu. Nilikuwa nimejiandaa kumwambia Okemwa kwa upole, lakini aliona kabla sijafungua mdomo. Akauvua mwenyewe, mikono yake ikitetemeka kidogo kwa woga, akaukunja na kuutia mfukoni. Akasema ataanza upya.

Obure anadai Okemwa anaukosea makusudi ili arudi tena. Nimemwambia aende akafagie banda.

Jumatatu, 25 Agosti

Wa pili umekuja, na huu ni kitu kingine kabisa. Ngozi laini, imepakwa mafuta hadi inakunjika kama kitambaa. Mahali pa msalaba ameweka kipande cha ngozi ya kondoo chenye manyoya, juu kabisa ya mfupa. Vidole vyangu viwili vikapita. Nikampa Waziri nyasi na mkanda ukiwa umefungwa — akatafuna.

Maxine alikuwa amepita asubuhi, akasema kidonda kimepona. Kwa hivyo leo lijamu pia. Sikupanda. Nilimtembeza tu mzunguko wa ua, nikivuta na kuachia. Mara ya kwanza akaachama kama kawaida. Mdomo ukafika mahali ukakutana na mkanda. Haukumbana, ulimgusa tu. Akasita. Nikaachia kamba papo hapo. Akafunga mdomo mwenyewe, akaanza kulamba kile chuma taratibu, kama mtoto aliyepewa peremende asiyoijua.

Nimefurahi hadi nimeshindwa kula.

Jumapili, 31 Agosti

Nimempanda. Tumetoka hadi barabara ya chai, ile ya chini, tukarudi. Kutembea, kisha mwendo wa kasi kidogo. Wachuna chai wa Jumapili, wale wa mashamba madogo, walisogea kando na vikapu vyao. Mama mmoja aliuliza kama huyu ni yule mwenda wazimu. Nikasema ndiye.

Alijaribu mara moja, kwenye mteremko. Nilisikia taya likianza kwenda kushoto, likaguswa, likarudi. Sikuvuta tena. Niliketi tu, nikapumua, naye akapunguza mwendo. Majani yalikuwa yameloa, yanang'aa, na harufu ya kiwanda ilikuwa inakuja na upepo. Sikumbuki lini mara ya mwisho nilikuwa mahali na sikutaka kuwa mahali pengine.

Okemwa alikuwa ametusubiri getini. Hakuuliza habari ya mkanda. Aliutazama, akapitisha vidole vyake viwili mwenyewe, bila kutetemeka, akaona havijabanwa. Kisha akauliza, "Na bega, Wilkista?"

Leo hakuniita Madam.

Jumatano, 3 Septemba

Wageni wa mwisho wa likizo wameondoka. Matron amehesabu mashuka, amelipa wasichana wa jikoni. Kwangu hakusema lolote. Asubuhi nimempanda Waziri tena, vizuri. Dirisha la Matron lilikuwa wazi. Sijui kama alitazama.

Jumamosi, 6 Septemba

Kiplangat amekuja. Mtu mzuri, si vile nilivyomchora akilini. Mpole, kofia mkononi, amesalimia kila mtu pamoja na mpishi. Amesema maji ni mbali kule kwake na punda wake wamezeeka. Matron aliniambia nimlete Waziri amwone.

Ningeweza kumleta kwa kamba tu. Niliweka tandiko, lijamu, mkanda wa Okemwa, nikapanda. Tulizunguka ua mbele ya veranda. Tembea. Kasi kidogo. Simama — na akasimama, mdomo umefungwa, masikio mbele. Geuka. Tena upande wa kushoto, upande wake mbaya. Akageuka kama mlango uliotiwa mafuta.

Nilidhani Kiplangat ataona huyu si wa mkokoteni, aende zake. Kumbe nimeharibu. Macho yalimtoka. Alisema kwamba farasi kama huyu hatamfunga kwa maji kamwe, atampanda yeye mwenyewe kwenda kuangalia ngano yake. Akaongeza bei pale pale. Nilibaki juu ya farasi, sijui nishuke au nikae.

Kisha Kiplangat akauliza swali ambalo ningeuliza mimi ningekuwa yeye. Je, anaenda hivi kwa kila mtu, au ni kwa huyu mama tu?

Matron alinitazama. Anajua siwezi kumdanganya. Nilisema ukweli: tangu arekebishwe amepandwa na mimi peke yangu. Sijui atakuwaje na mtu mwingine. Nafikiri atakuwa sawa asipovutwa kwa hasira. Lakini sijui.

Kiplangat alisema kwa heshima kwamba angependa kujaribu, akishamaliza chai. Na Matron akasema hapana, mgeni hatajaribishwa farasi ambaye mwenye farasi hajamjaribu.

Nikauliza nimtoe tandiko. "Liache," akasema.

Nimeketi kwenye ngazi ya banda naandika haya kwa haraka. Waziri amesimama hapa karibu, kamba iko chini ya goti langu, analamba lijamu lake. Kiplangat yuko veranda na kikombe chake. Obure anajifanya anafagia. Na ndani ya nyumba kabati linafunguliwa na kufungwa, viti vinasukumwa, na nasikia Matron akimuuliza mpishi nani alihamisha buti zake za kupandia.