Gitaa la Nyuzi Saba na Masikio ya Baba

Mpendwa mshauri, shikamoo. Naomba unisaidie maana nikiamua peke yangu nitamkosea mtu. Naitwa Lea, nakaa Shelui, napiga gitaa la umeme kwenye bendi ya baa moja hapa barabarani, na gitaa lenyewe lina nyuzi saba badala ya sita, ni mtumba wa kutoka nje kama vitu vingi tangu biashara ifunguliwe, na ule uzi wa saba ni mnene, ndio unaofanya kazi ya besi kwa sababu mpiga besi wetu alihamia Mwanza. Chini ya nyuzi kuna sumaku mbili za kunasa sauti, moja karibu na shingo, inatoa sauti nene na laini, nyingine karibu na daraja pale nyuzi zinapofungwa, inatoa sauti kali inayopenya hata malori yakiunguruma nje. Langu lilikuja sumaku ya shingoni ikiwa imekufa, nikawa napiga na ya darajani tu, na watu walinipenda.

Sasa baba yangu, mzee Isaka, ndiye aliyenifundisha gitaa kule Kintinku, na maisha yake yote alifanya kazi kwenye mashine ya kusaga, mwaka jana nikamchukua akae na mimi, na tangu aje nikifanya mazoezi anatazama ukuta, hasemi kitu, mshauri niliumia, nikajua anaona aibu binti yake kupiga muziki wa baa, nikawa nasubiri atoke ndipo nishike gitaa.

Juzi fundi Sostenes alitaka kujua kama kilichokufa ni sumaku au waya, akaichomoa ile nzima akaiweka shingoni, nikaja kulijaribu gitaa nyumbani nikidhani baba amelala, mara namwona amesimama mlangoni, anasema, "Lea, huo si wimbo wa mavuno niliokufundisha?"

Nikamwambia, "Ndiyo, baba."

Akasema, "Mbona siku zote unapiga kimyakimya?"

Nililia kwa furaha, kumbe hakunichukia, alikuwa hasikii! Sauti nyembamba hazimfikii tena, nzito ndizo zinazomfikia, na sasa kila jioni anavuta kiti karibu na spika anagonga goti lake.

Lakini Gasto, kiongozi wa bendi, anasema sumaku ikikaa shingoni uzi wa saba unakoroga muziki wote, niirudishe darajani kabla ya harusi tutakayopiga Jumamosi, la sivyo atatafuta mtu mwingine, na sumaku nyingine ya nyuzi saba haipatikani Singida nzima. Nifanye nini?

Lea, Shelui

Marahaba, Lea. Nimeshusha pumzi, maana uliposema baba anatazama ukuta nilitegemea mabaya. Mshukuru Mungu. Ila umenikera. Unakaa na mzee nyumba moja, hasemi, na wewe humuulizi? Ulijihukumu mwenyewe, ukajifunga mwenyewe.

Mpeleke hospitali wiki hii. Huenda ni kelele za mashine ile ya kusaga, huenda ni nta tu imeziba. Wewe si daktari, na mimi si daktari.

Sumaku iache shingoni. Gasto hajasema uongo, nyuzi nene hapo huchanganyika, lakini tatizo hilo lina dawa. Kwenye amplifaya punguza besi, ongeza sauti za juu. Fundi aishushe kidogo ile sumaku upande wa uzi wa saba. Mkono wako wa kulia nao usogee upigie karibu na daraja. Kisha fanyeni mazoezi, na Gasto asikilize akiwa kwenye meza za wateja, si pembeni ya spika. Akitaka ukali zaidi, bendi iagize sumaku ya pili Dar, hao madereva wa malori wataileta. Nafasi ya darajani iko wazi na swichi ya kuchagua sumaku unayo, kazini utatumia moja, nyumbani nyingine. Bendi ndiyo inayoihitaji, basi bendi igharamie.

Akikataa hata kujaribu, mwache atafute huyo mtu. Mpiga nyuzi saba mwingine hapo Shelui atamtoa wapi?

Na Jumamosi nenda na baba harusini. Mkalishe mbele, upande wa spika yako, usimwonee aibu wala usimwogope. Mzee wa watu amekufundisha, na mpaka leo hajawahi kukusikia ukishangiliwa.