Kidonda cha Kitovuni

Kinoo,
14 Juni 2025

Mpendwa wifi yangu Ivyne,

Pokea salamu nyingi kutoka kwetu. Joto la Doha linakutendeaje? Na ule mgongo uliosema unakusumbua, umepona? Watoto ni wazima, mimi pia nadunda, ila baridi ya Juni imetukalia kooni. Kakako ndiye aliyenifanya nishike kalamu. Nikipiga simu nitalia tu, kwa hivyo naandika, kisha nitapiga picha karatasi hii nikutumie sasa hivi.

Unajua Zedekiah alitolewa figo ya kushoto mwezi jana. Jiwe lilikuwa limeziba mrija wa mkojo muda mrefu, figo ikafa kimyakimya huku yeye akichapisha kadi za harusi River Road. Daktari hakumpasua ubavu. Alipitia kitovuni, tundu moja tu, akaingiza kamera na vyombo vyake humo humo. Haikupita wiki, mgonjwa alikuwa nyumbani anadai ugali. Nilicheza, wifi, hadi jirani Nyawira akanicheka.

Basi mambo yakaenda mrama. Mama yenu na shemeji Obuya walipokuja kumjulia hali, waliomba waonyeshwe kidonda, si unajua desturi yetu. Zedekiah akainua shati. Unakumbuka kovu la marehemu Baba, kutoka mbavuni hadi mgongoni? Hilo ndilo wao wanaliita upasuaji. Obuya akasema, "Figo haiwezi kutokea hapo. Mmelipia sindano ya usingizi tu." Nikaapa kwamba niliitwa nikaonyeshwa hiyo figo kwa macho yangu. Akasema ilikuwa ya mbuzi! Ya mbuzi, Ivyne! Ningecheka, ila Zedekiah naye alikuwa ananiangalia kwa shaka.

Sasa anaamini figo mbovu ingali ndani. Mama alileta manyasi, ile mizizi michungu iliyochemshwa ya kuyeyusha mawe, mtungi mzima, na yeye anakunywa asubuhi na jioni. Daktari alituonya waziwazi: dawa za miti hapana, kwa sababu figo iliyobaki haina msaidizi. Nimesema mpaka sauti imenikauka. Kweli sikio la kufa halisikii dawa.

Wifi, naogopa. Uso wake umevimba, viatu havimwingii tena. Mkojo ni kidogo, mweusi kama chai ya strungi. Mama anasema huo ni uchafu unatoka. Nikimwambia twende hospitali, anageukia ukuta.

Juzi nilimwaga ule mtungi chooni. Wee! Mama alikaa chini akalia kama aliyefiwa, na Obuya akapanda gari kwenda nyumbani kijijini kuleta mwingine. Anafika leo jioni.

Tafadhali mpigie kakako kabla Obuya hajafika. Wewe ndiye aliyekuachia ziwa, hajawahi kukukatalia neno. Mwambie nilichokiona hospitalini hakikuwa cha mbuzi. Mwambie avae kandambili tu, twende.

Nisalimie Mwelu, mwenzako wa chumba. Watoto wanakuulizia. Mama naye anakusalimu. Hasemi na mimi, lakini ameshawaambia majirani wote kwamba mwanawe akifa, wajue ni mimi niliyemwaga dawa.

Mola akufunike huko ugenini, na huku atuhurumie.

Wifi yako akupendaye, anayesubiri simu yako,
Peres