Guillaume wa Kwanza

Jumatano, 23 Agosti 1995

Profesa ameniua leo. Kwa swali moja tu!

Amefungua mémoire yangu, tasnifu ya kumalizia chuo, kwenye sura ya nne, palipo na mti wa ukoo wa de Corvanville, makabaila Wanormani wa kale, akaweka kidole juu ya Guillaume. Akauliza: nani amekuambia huyu ndiye mkubwa? Nikatafuta tanbihi. Hakuna. Nikapekua kadi zangu zote. Hakuna! Hati zinasema mama yake, Mathilde, aliacha wana wawili, Roger na Guillaume, basi. Ukubwa nimempa mimi.

Na ninajua kwa nini. Babu yao alikuwa Guillaume, mwana wa kwanza, na mdogo wake Roger. Baba yao vilevile. Basi nikaona Guillaume ni jina la wa kwanza na Roger la wa pili — kama kwetu Butembo, ukisikia Mumbere unajua ni mwana wa kwanza, ukisikia Kambale ni wa pili, huna haja ya kuuliza. Miaka miwili ninawasoma Wanormani kama Wanande wa kwetu! Nimecheka peke yangu ndani ya basi 71. Bibi mmoja akauvuta mkoba wake karibu.

Lakini si la kuchekesha. Desturi ya wale watu: ardhi ya mababu, Normandi, ni ya mwana mkubwa. Ardhi waliyoiteka ng'ambo, Uingereza, ni ya mdogo. Mémoire yangu yote inasema de Corvanville walifanya kinyume, kwamba Uingereza walimpa mkubwa. Kama Guillaume ni mdogo, hawakufanya la ajabu lolote, na mimi sina mémoire.

Profesa amenishauri niahirishe. Tena nibadili mada: kwa nini nisiandike juu ya machifu wa kwetu Kivu, ambao ningewaelewa "kwa asili"? Nimesema hapana, asante. Yeye ametumia maisha yake kwa Wabizanti na si Mbizanti, ni mtu wa hapa, wa Namur. (Hilo sikulisema. Nalisema hapa.)

Kuahirisha hakuwezekani. Nisipokabidhi mémoire kabla ya saa sita mchana tarehe 4 Septemba, chuo hakiniandikishi tena, na kadi yangu ya ukaazi inakwisha Oktoba. Siku kumi na mbili. Zitatosha. Nitazitoshesha.

Alhamisi, 24 Agosti

Maktaba tangu ilipofunguliwa. Hati zote upya, mara ya nne.

Kuna kitu kinanikera. Mwaka 1159 mume wa Mathilde anamwahidi "mwanangu Guillaume" ardhi ya Uingereza. Sawa. Mwaka 1181 Guillaume bado ni mtoto, yuko chini ya mlezi! Miaka ishirini na miwili, hakui? Zamani nilidhani karani wa abasia, ile nyumba ya watawa, alisinzia, nikapita. Uvivu wangu huo.

Nimerudi nyumbani Schaerbeek na kichwa kinauma. Ninakaa kwa maman Victorine, aliyekuwa jirani wa mama yangu kule Butembo. Hapa anaosha wazee kwenye nyumba ya wazee. Alikuwa amepika sombe, majani ya muhogo.

"Kula kwanza," akaniambia. "Bale Bazungu yako balishakufa, habatakimbia."

Nikamweleza habari ya mtoto asiyekua. Hata hakuacha kukata fufu, ugali wetu wa muhogo.

"Bon, ule wa kwanza alikufa. Bakapatia mwengine jina yake. Bazungu banafanyaka ivyo. Kule kwa kazi iko mamie moja, bibi muzee, jina yake ni ya dada yake, mwenye alikufaka mbele yake azaliwe."

Nikasema kwetu haiwezekani.

"Kwetu hapana! Mumbere akikufa, mwenye kufuata ni Kambale tu. Fasi ya mufu inabakiaka yake. Sasa, yaya yako mukubwa ni nani?"

Kaka yangu mkubwa ni Kambale. Kambale Éliézer. Wa pili.

"Donc?" akasema maman Victorine. "Mama yako alimubeba ule Mumbere ku mugongo miezi munane, kisha rougeole, ile surua, ikamubeba. Miye nilikuwa pale. Alikuwa anacheka sana, ule mutoto."

Nilijua kwamba alikuwepo. Nilijua kwa kuhesabu. Sikuwahi kuuliza alikuwa nani. Miaka miwili nimeuliza juu ya watoto wa Mathilde, na juu ya mtoto wa mama yangu sikuuliza siku moja! Nimelia pale mezani, sombe mdomoni. Maman akaniongezea fufu.

Ijumaa, 25 Agosti

Ninahitaji orodha ya wafu ya abasia, kile kitabu ambamo watawa waliandika majina ya kuombea. Kiko kwenye ghala la maktaba nyingine. Kitaletwa Jumatatu. Nikauliza kama wanaweza kukileta leo. Hapana. Nikauliza tena. Hapana, mademoiselle.

Jumatatu, 28 Agosti

YUPO!

Tarehe 4 Machi, katikati ya mtawa na mwokaji mikate: "Guillaume, mtoto, mwana wa kwanza wa Mathilde." Nikapiga meza. Mwanafunzi wa pembeni akaninyamazisha, ssst! Ningeweza kumkumbatia.

Kwa hiyo: wa kwanza alikuwa Guillaume kweli, akaahidiwa Uingereza, akafa mdogo. Roger akawa mkubwa, lakini ile ardhi hawakumpa yeye. Waliiweka. Miaka mingi! Mpaka Mathilde akazaa tena, akamwita Guillaume, akampa ardhi ya yule. Ardhi ilifuata jina. Basi nilikuwa sahihi, ila nilifika kwa njia ya kijinga.

Namfikiria Mathilde akiita jina hilo mara ya kwanza, mtoto mwingine anageuka. Aliwezaje? Mama yangu asingeweza. Au labda angependa, desturi ndiyo haikumruhusu. Nimemwandikia barua. Nimeuliza swali moja tu: alikuwaje?

Jumapili, 3 Septemba

Sura ya nne nimeiandika upya, yote. Vidole vimevimba. Sikwenda kanisani, maman Victorine ameniombea huko na amenigombeza hapa.

Nimefika kwenye tanbihi ya 112. Kanuni aliyotufundisha profesa tangu mwaka wa kwanza: kila wazo lina mwenyewe, mtaje. Wazo la kumtafuta mtoto aliyekufa si langu, wala sikulisoma popote. Basi nimeandika: "Maman Victorine, mfanyakazi wa nyumba ya wazee, mazungumzo ya mezani, Schaerbeek, 24 Agosti 1995. Kwa Wanande nafasi ya mtoto aliyekufa haijazwi." Nimemsomea. Akauliza kama jina lake litakaa kwenye maktaba. Nikasema ndiyo. Akaenda kufuta jiko ambalo lilikuwa safi.

Jumatatu, 4 Septemba

Niko kwenye benchi la korido, mbele ya mlango wa profesa. Saa tano na dakika arobaini. Sekretarieti iko ghorofa ya chini, na bila sahihi yake hawapokei.

Amesoma sura ya nne mbele yangu, amesimama. Amesema ugunduzi ni mzuri. Amesema mzuri mara mbili! Kisha akafika 112, akavua miwani. Akasema, si kwa ubaya, kwamba jopo la watahini litacheka. Kwamba watasoma tanbihi hiyo na hawatasoma kingine, na yeye hataweza kunitetea. Kazi ya sayansi hainukuu meza ya chakula. Niseme tu wazo nimelifikiria mwenyewe, nani atajua?

Nikamwambia: mimi.

Akatazama saa. Akafungua droo, akanipa kichupa cha rangi nyeupe ya kufutia, akasema mistari minne tu, nakala tatu, inakauka kwa dakika moja. Nikimaliza nigonge, kalamu yake iko tayari.

Saa tano na dakika arobaini na sita. Nimekifungua. Kinanuka kama dawa ya kucha. Nimetazama ukurasa: maman Victorine, mfanyakazi wa nyumba ya wazee.

Nimekifunga.

Arobaini na tisa. Nakwenda kugonga. Nakala zote tatu ziko vilevile, na kichupa chake nitamrudishia kimejaa.