Maua ya Maboga Yasiyozaa

Masanja mjukuu wangu,

Mwangaluka. Hapa Nkoma hatujambo, babu yako anakohoa kidogo tu na pamba imeanza kupasuka. Sasa hayo maboga yako! Umekata maua yote yasiyo na kiboga chini yake, eti hayana faida, halafu unaniuliza mbona viboga vinaoza. Jamani, nyuki atoe wapi chavua? Ule unga wa njano uko kwenye hayo hayo uliyoyatupa. Usipofika kwenye ua lenye kiboga, hakuna boga.

Nakasirika kwa sababu hata mimi nilifanya hivyo nilipoolewa. Mama mkwe alinituma nichume maua machache ya mboga, nisiguse yenye kiboga. Nikataka anione hodari, nikayamaliza yale mengine yote, kila asubuhi. Viboga vikaoza vikiwa sawa na kidole gumba.

Hakunigombeza. Msimu mzima tulikula majani ya maboga, na kila nilipompakulia aliniambia asante, taratibu, mbele ya watu wote; ikaniuma kuliko kugombezwa.

Yaache hayo maua, Masanja. Mimi sitakuambia asante.

Bibi yako,
Nkwimba