Makopo Mawili ya Dawa ya Mashudu

Mhunze, Kishapu
16 Julai 2024

Ndugu yangu Makoye,

Salaam nyingi kwako, kwa shemeji Loveness na kwa mgeni wenu mdogo. Natumaini huko Geita hamjambo, na kile kikohozi chako cha vumbi la mashimoni kimepoa. Huku sisi tupo. Alizeti tumeshavuna, na kinu cha kukamua mafuta kinanguruma kutwa nzima.

Ujumbe wako niliupata, kwamba Jumapili mtoto anabatizwa na mmempa jina langu, kwa vile nilivyomhudumia mama yako. Kupiga simu nimeshindwa. Najijua, nikisikia unavyocheka nitaishia kuzungumzia bei ya pamba. Basi nakuandikia, na barua nampa Boaz, utingo wa basi, aifikishe mkononi mwako kabla ya siku hiyo.

Unamkumbuka Dokta Eunice, mtafiti aliyekuja zahanati yetu mwaka jana. Alituambia kwamba katika nchi za mizeituni wataalamu wanachunguza makapi yanayobaki baada ya kukamua mafuta, wakidhani ule uchungu wake huenda ukasaidia uvimbe na vidonda. Yeye akataka kujaribu mashudu yetu ya alizeti, haya haya tunayolishia ng'ombe. Mzee Januari akauliza kama wagonjwa watapewa na majani. Hata hivyo wenye vidonda vya kisukari walijiandikisha, mama yako na mama yangu wakiwemo, huku wakiendelea na matibabu yao ya kawaida.

Nusu yao walipangiwa dawa, nusu mafuta matupu ya kupaka, ili walinganishwe. Makopo yalifanana, yana namba tu, na orodha ya kujua lipi ni lipi ilifungiwa mbali. Kazi yangu ilikuwa kuyagawa.

Yaliyofuata unayajua. Kidonda cha mama yako kilifunga mwezi wa tatu. Cha mama yangu kiligoma, na mwezi wa tano pale hospitali ya Kolandoto wakamkata vidole viwili vya mguu. Ulinipigia ukanipa pole kwa maneno mazuri, nami nikaona aibu ambayo hukuijua.

Makoye, siku ya kugawa nilifungua makopo ya mama zetu nikayanusa. Sisi tumekulia zizini, harufu ya mashudu haitupiti. Kopo la mama yako lilinuka mashudu. La mama yangu halikunuka kitu. Nikayabadilisha. Nilijua ninachofanya, na jioni ile ile nilikula ugali kwenu, mama yako akiniongezea mboga.

Wiki iliyopita orodha ilifunguliwa. Waliotengeneza walitia harufu ya mashudu kwenye mafuta matupu wakidhani dawa nayo itanuka, kumbe dawa iliposafishwa harufu iliisha kabisa. Kopo nililomnyang'anya mama yangu ndilo lililokuwa na dawa.

Nilimwambia Dokta hapo hapo. Amezifuta namba zao kwenye matokeo, nami amenisimamisha kazi. Alisema watu wawili hawathibitishi kitu, huenda vidole vingekatwa vyovyote vile. Alikusudia kunifariji, lakini mimi sikufarijika.

Mama nilimweleza jana. Alimaliza kwanza kuufunga mguu wake, kisha akauliza, "Makoye anajua?"

Sasa unajua. Mama yako hakupona kwa wema wangu. Nilitaka yeye ndiye akose. Naomba unisamehe ukiweza, na mtoto mpeni jina la mtu mwingine.

Mama yangu anawasalimu wote na anamwombea mtoto afya. Mama yako hajambo. Leo asubuhi ameniletea kuku wa shukrani, amekuja kwa miguu yake mwenyewe kutoka kwenu hadi hapa. Sikuthubutu kumwambia. Kuku bado nimemfunga uani, sijamchinja wala kumrudisha. Nangoja neno lako.

Ni mimi,
Valerian