Baba, Nimeshuka Duarani Mwakitolyo

Baba,

Shikamoo. Najua sitaisikia marahaba yako, lakini sijui kuanza na wewe kwa namna nyingine.

Nilidhani wachimbaji wenzako walikuita Profesa kwa utani tu. Siku ya msiba, hapa nyumbani Kambarage, Mama akaniambia: ulisoma chuo kikuu miaka miwili. Wanafunzi mkagoma, mkarudishwa makwenu. Barua ya kuwaita ilipokuja, babu akasema ng'ombe watachungwa na nani? Hukurudi tena. Ukaishia kwenye dhahabu, na duara, shimo la kuchimbia, likakufukia.

Kwa nini hukuniambia, Baba? Kila Jumapili ulinipigia simu, unauliza maktaba inafungwa saa ngapi, chumbani tunalala wangapi. Nilikujibu haraka haraka. Nisamehe.

Baada ya arobaini nilirudi chuoni kumalizia uhandisi wa migodi. Kwenye fomu ya utafiti nikaandika: matimba ya Mwakitolyo ulikochimba, yale magogo yanayozuia udongo usiporomoke. Mwalimu wangu akatikisa kichwa. "Kule mwanamke hashuki."

Kweli wachimbaji walinizuia. Walisema dhahabu itapotea. Mzee Masanja, mwenzako wa siku zote, akasimama: "Huyu mtoto wa Profesa. Atashuka, na kamba naishika mimi."

Nikashuka. Nilikuwa nikikuwaza wewe tu, Baba. Nikapima gogo moja moja. Upande mmoja yalikuwa yameoza. Nabonyeza, kidole kinazama. Nikawaambia watoke. Wakacheka. Masanja hakucheka, akawatoa wote. Siku nne hawakuchimba, wananinung'unikia, mpaka magogo mapya yakasimama.

Wiki iliyopita niliutetea utafiti wangu mbele ya walimu watano. Mmoja akauliza, "Una uhakika gani wachimbaji watakubali?"

"Wameshakubali," nikasema.

Nimefaulu, Baba. Mama alipiga vigelegele kwenye simu mpaka nikashindwa kusikia kitu, kisha akalia.

Wenzangu wanaomba kazi kwenye migodi mikubwa ya Geita. Nami nitaomba, sikufichi. Lakini kwanza nitayapitia maduara yaliyobaki Mwakitolyo, moja baada ya jingine. Wakinikatalia leo, kesho watanikuta palepale. Hiyo ndiyo ahadi yangu kwako.

Lala salama, Baba. Nakwenda kazini.

Mwanao,
Kabula