Miavuli Miwili Sebuleni kwa Baba

Jumamosi, Mpanda.

Asubuhi kulikuwa na ile baridi ya Julai ambayo nikiwa mbali huwa naisahau. Mchana upepo ukaleta vumbi mpaka kwenye vikombe vya chai. Nimeamka na kitu kizito kifuani, na nilijua ni nini. Leo ilibidi nimwambie baba.

Kwa wanaonisoma kwa mara ya kwanza: nafanya kazi kwenye maabara ya mgodi huko Afrika Kusini, na wikendi naruka kutoka kwenye ndege kwa mwavuli. Nimeruka mara themanini na tatu. Kwa wazoefu mimi bado mgeni. Nyumbani hakuna aliyekuwa anajua.

Mwalimu wangu, Mzee Pieter, anaacha kuruka kwa sababu ya mgongo. Ana miavuli miwili iliyokaguliwa na fundi wake, na nimesharuka nayo yote. Akanipa yote nije nayo likizo, akasema nikirudi nimwambie ninabaki na upi. Mmoja wa bluu, mmoja mwekundu. Kiwanda kimoja, ukubwa mmoja. Ukiiweka chini huwezi kuitofautisha ila kwa rangi, na kwa pembe za ule mwekundu, ambazo zimechongwa kidogo.

Kwa wiki nzima begi limekaa chini ya kitanda changu cha zamani, na mimi nalala juu yake kama mwizi.

Baada ya chai nikamwambia baba nina kitu nataka anikagulie. Tukasogeza viti vyenye vitambaa alivyofuma mama, tukasogeza na cherehani ya baba ambayo siku hizi anaigusa mara chache. Nikatandaza ule wa bluu. Ulijaa sebule yote na nusu yake ikabaki imekunjamana kwenye korido.

Baba alishona kwenye baraza la duka pale Kashaulili, hapahapa mjini, zaidi ya miaka thelathini. Mimi nimekulia chini ya meza ya cherehani yake, katikati ya vipande vya vitenge na tetroni. Nilikuwa nawajua wateja kwa viatu vyao. Majora ya kitambaa yalikuja na treni, na treni ikichelewa baba alishona viraka tu, akawa mkimya siku nzima. Ninavyoandika hivi nasikia harufu ya mafuta ya cherehani na kitambaa kipya kilichopigwa pasi ya mkaa. Nimekaa kwenye miji mikubwa, sijawahi kuikuta harufu hiyo tena.

Alipiga magoti taratibu, akapitisha kidole gumba kwenye mshono, kutoka mwanzo hadi mwisho. Hakuuliza ni kitu gani. Akaomba miwani. Akageuza upande wa ndani, akavuta, akatazama uzi kwenye mwanga wa dirisha. Kisha akasema nitandaze wa pili.

"Vyote mkono mmoja," akasema. "Mshono safi. Hili ni parachuti?"

"Ndiyo, baba."

"La nani?"

Nikamwambia. Sikuzunguka sana, maana baba ukizunguka anaondoka. Nikamwambia kwamba mwaka uliofuata baada ya kumzika mama, wenzangu kazini walinilipia niruke nimefungwa pamoja na mwalimu, kama zawadi. Nikamwambia kwamba kule juu, baada ya mwavuli kufunguka, kulikuwa na ukimya, na kwamba tangu mazishi ule ndio ulikuwa ukimya wa kwanza kichwani mwangu ambao haukuniumiza. Ndiyo maana nilirudi. Halafu nikaanza kujifunza, na sasa mwalimu ananiachia mmoja kati ya hii miwili.

Alikaa chini palepale, juu ya ukingo wa kitambaa chekundu.

Niliogopa kuliko siku ya kwanza mlangoni mwa ndege.

"Sasa kama mshono ni mmoja," akasema hatimaye, "unachagua nini?"

Nikamweleza. Wa bluu unafunguka polepole, na ukikosea kidogo unaendelea tu kwenda mbele. Mwekundu unafunguka haraka, na ukivuta kamba kidogo unageuka mara moja. Unapendeza kuruka nao. Wenzangu niliojifunza nao wameshahamia kwenye miavuli ya namna hiyo.

Baba akautazama mguu wangu wa kushoto. Nilipofika stendi wiki iliyopita alikuwa ameniona nachechemea, nikamwambia niliteleza kwenye ngazi.

"Ule mguu ulioteleza kwenye ngazi," akasema, "siku hiyo ulikuwa na upi?"

Nimeandika hapa mambo mengi ya ukweli, lakini hili sikuwahi kuliandika. Hapakuwa na ngazi. Nilikuwa na mwekundu, watu wamesimama wanaangalia, nikageuka nikiwa chini mno kwa sababu nilitaka nionekane nimeweza. Ardhi ikaja kabla sijanyooka. Pieter alinisaidia kuinuka, hakunigombeza. Alisema tu kwamba mwavuli ulifanya kile nilichouambia ufanye.

"Mwekundu, baba."

Akatikisa kichwa, sio kwa hasira. Akaanza kusimulia kuhusu sketi yangu ya darasa la kwanza. Nilikuwa nimeisahau kabisa. Aliishona kubwa, na pindo lililokunjwa mara tatu, na kila Januari mama alikuwa anafumua kunjo moja. Nililia siku ya kwanza kwa sababu wenzangu walivaa sketi za kuwakaa vizuri. Mama akanishika mkono mpaka getini, akaniambia wenzangu wataomba nyingine kabla ya mwaka kuisha, mimi bado nitakuwa na yangu.

"Ulifika nayo darasa la nne," baba akasema. Sauti yake ikapungua. "Kunjo la mwisho mama yako alilifumua akiwa anakutania."

Tukakaa hapo sakafuni. Sikumbuki mara ya mwisho tulimtaja mama tukiwa wawili bila mmoja wetu kunyanyuka kwenda kufanya kitu kingine.

Hakuniambia nichague upi. Hakuniambia niache pia, ingawa niliona neno hilo likimfika mdomoni likarudi. Alichoniomba ni kuona. Nikamwekea kwenye simu video ya mruko wangu wa bluu, ile ambayo natua nimesimama kwa miguu miwili kwenye nyasi. Akaitazama mara nne. Mara ya nne akaisimamisha pale ninapocheka, akasogeza simu karibu na miwani.

"Unacheka kama yeye," akasema.

Jioni, jua bado lipo, tukakunja miavuli pamoja. Mikono yake bado inajua kitambaa kuliko yangu. Nilivyohangaika na kona moja alinipokonya, akailaza kwa viganja viwili. Nikamtumia Pieter ujumbe: nabaki na wa bluu. Akajibu kwa neno moja, vizuri.

Sitadanganya, moyo bado unautaka mwekundu. Nikifika miruko mia mbili labda nitakuwa mtu mwingine, labda nitaununua kwa mtu mwingine. Au labda nitakuwa sina haja. Leo nina mguu mmoja unaouma na mwavuli wa bluu.

Wakati naondoa begi sebuleni baba akaniita.

"Siku za kuruka huwa unapiga simu kabla au baada?"

"Sijawahi kupiga, baba. Hukuwa unajua."

"Basi piga kabla. Na baada."

Miaka yote hii nimekuwa naning'inia juu bila mtu wa nyumbani kujua niko wapi, na nilidhani huo ndio uhuru wenyewe. Wiki mbili kutoka leo, nikiwa kule juu, kutakuwa na mzee mmoja Mpanda ameshika simu mkononi. Je, nitaogopa zaidi? Nadhani ndiyo. Nadhani pia nitatua vizuri.